Nyuzi Nilizobadilisha Kabla ya Kwenda kwa Babu Yako

Mkolani, Jumanne jioni

Koku mwanangu,

Umetoka kwenda Buzuruga kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia maandazi ya kula kwenye treni. Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za watu wa kujihadhari nao huko Dar ameshakueleza mara tatu, tena mbele yangu, kwa hiyo mimi sirudii. Nina jambo moja tu. Nataka ujue ni nani aliyeipasua mandola ya babu yako. Si wewe.

Nimeandika hayo nikainuka nikaenda kunywa maji. Miaka saba nimeyaficha, na sasa yametua kwenye karatasi sioni nafuu yoyote. Naona kinyaa tu. Najionea kinyaa mimi mwenyewe, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama utafika mahali ukatamani kuitupa barua hii ndani ya jiko.

Unamkumbuka yule kiongozi wa bendi ya Dar aliyekuja kukusikiliza kwenye ukumbi wa parokia. Ulipiga vizuri, watu wakashangilia, naye akakubali kukuchukua palepale. Lakini ulipokuwa unafunga chombo kwenye boksi aliniambia, "Mzee, binti anajua sana. Ila anapiga kama mtu anayeomba radhi." Alisema kwa wema tu, hata wewe ulimsikia ukacheka. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukumbi nikatema mate kama mtu aliyemeza inzi, maana nilijua unaomba radhi kwa nani na kwa kosa la nani.

Halafu Jumamosi iliyopita ukaketi mkekani na pakiti zako za nyuzi, ukaniuliza: "Baba, wale bendi yao inapiga chini kidogo. Nikishusha jozi mbili za juu, niweke nyuzi za unene gani? Nisije nikaipasua tena." Ulisema *tena*. Nikakujibu kwamba tutaongea. Sasa ndiyo tunaongea.

Ile mandola, unavyojua, babu yako aliachiwa na padri mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Babu alikuwa katekista, na kule Kagera hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuona chombo cha namna ile: kama gitaa dogo lenye tumbo la mviringo, nyuzi nane, mbili mbili, jozi nne. Ndani ya kifuniko cha boksi padri alibandika karatasi yenye namba za unene. Jozi ya juu kumi na nne, inayofuata ishirini na mbili, halafu thelathini na nne, na ya chini kabisa arobaini na nane. Babu hakujua namba hizo ni za kipimo gani, wala hakujali. Alijua kwamba namba ikiwa kubwa uzi ni mnene, na uzi mnene unafaa kwa sauti ya chini.

Nyimbo za padri zilipokwisha, babu akaanza kuipangia sauti kwa nyimbo za kwetu, za nanga, ala yetu ya nyuzi. Ndipo alipojifundisha mwenyewe elimu ambayo mimi nilipewa bure nikaichezea. Ukishusha uzi bila kuubadilisha, unalegea, unagonga vyuma vya shingoni na kukoroma. Basi toa huo, weka mnene zaidi. Ukipandisha, fanya kinyume: toa mnene, weka mwembamba, la sivyo unaikaba mandola. Alikuwa ananishika mkono ananiwekea kidole juu ya uzi. "Bonyeza. Unabonyea na kurudi? Basi unatosha. Haubonyei? Unavuta kupita kiasi, legeza kabla mandola haijalia." Kila alipobadilisha mpango wa sauti alibadilisha na nyuzi, hata kama ni kwa wimbo mmoja wa arusi. Sisi watoto tulikuwa tunachoka kumsubiri.

Nilipokuja Mwanza nikaajiriwa kwenye bendi ya shirika la umma, babu akaniazima. Aliniazima, Koku, hakunipa. Miaka ile madukani hapakuwa na uzi hata wa dawa. Tulifumua waya wa klachi ya pikipiki, tukachagua kwa vidole unaofaa juu na unaofaa chini, na pamoja na shida yote ile mandola haikuwahi kupata hata mkwaruzo. Shida ilitufanya tuwe waangalifu. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Shirika likauzwa, bendi ikafa, na madirisha ya maduka ya mjini yakajaa nyuzi za kila namba katika pakiti zinazong'aa. Nilisimama kwenye dirisha moja nikazitazama kama mtoto anayetazama keki. Nikanunua zote nene. Jozi ya juu nikaweka kumi na saba, na nyingine zote nikazipandisha unene vivyo hivyo.

Kwa wakati ule sikukosea. Tulikuwa tumebaki watu wachache tunaopiga kwa kukodishwa, mimi na Sospeter wa gitaa la solo, na mwimbaji wetu alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito. Kwetu sisi bendi hujipanga kwa sauti ya mwimbaji, si kwa filimbi wala mashine. Yeye aliimba chini, nasi tukashuka, na nyuzi nene zikakaa vizuri kabisa. Mandola ilinguruma. Nilivimba kichwa.

Ndipo tukaitwa kupiga kwenye sherehe ya kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, kule ufukweni. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Huwezi kukumbuka ile harufu kwa sababu siku hizi mji mzima umeizoea, lakini wakati ule ilikuwa mpya, ikikuingia puani ukabaki nayo siku mbili. Ndani ya uzio watu wa suti wanakula minofu kwa uma, na nje ya uzio akina mama wanagombania mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki baada ya sangara kuvuliwa nyama yote. Sisi tukapangwa katikati, upande ambao upepo unaleta uvundo. Sitaki kujifanya kwamba nilikasirika kwa ajili ya wale akina mama. Nilikasirika kwa sababu ya kinanda. Mwenye kiwanda alikuwa amemleta kijana na likinanda la umeme linalopiga ngoma lenyewe, besi lenyewe, hata makofi lenyewe. Wenzetu wanne walikuwa wameachwa nyumbani kwa ajili ya dude lile. Na mwimbaji wetu naye akaachwa, akaletwa binti mwenye sauti nyembamba ya juu sana.

Binti akasema tupande hatua mbili juu ya kawaida. Sospeter akafungua mkoba wake, akatoa nyuzi nyembamba, akaanza kubadilisha taratibu. Akaniona nazungusha funguo za kukazia nyuzi tu.

"Weye, badilisha nyuzi kwanza," akaniambia. "Hizo za kushukia, siyo za kupandia."

"Nikiweka nyembamba nani atanisikia mbele ya likinanda hilo?"

"Akusikie nani? Hawa wanaokula? Hiyo siyo mali yako, ya baba yako hiyo."

"Niache bwana, najua ninachofanya."

Nilikuwa nazo nyembamba kwenye mfuko wa shati. Nakuambia hili kwa sababu ndilo linalonichefua kuliko mengine. Sikukosa, sikusahau, wala hakuna aliyenikimbiza. Muda ulikuwepo. Nilizungusha funguo mpaka nyuzi zikawa ngumu kama chuma cha dirisha, na niliposhika kwa kidole hazikubonyea. Mkono wa babu yako ulikuwa pale pale kwenye kidole changu, nami nikaupuuza kwa sababu nilitaka watu wasiojua hata jina la chombo wageuze shingo. Hawakugeuza. Nilipiga kwa saa mbili nzima na hakuna aliyegeuka.

Tulipomaliza nikalegeza nyuzi ndipo nikaona. Kifua cha mandola kilikuwa kimezama chini ya kile kibao kinachobeba nyuzi, na ufa ulianzia hapo ukapanda mpaka kwenye tundu la sauti. Shingo nayo ilikuwa imeinuka kwenye kiungo. Sospeter aliangalia, akafunga mkoba wake akaenda zake. Nikaja nyumbani nikaitundika ukutani huku kifua kikitazama ukuta.

Kesho yake ulitoka shule, ukaona baba amerudi amechoka, ukaamua kumfurahisha kwa kuifuta vumbi. Ukapanda kiti, ukaitoa ukutani, ikakuponyoka ikaangukia juu ya godoro. Haikupata kitu chochote. Godoro la sufi, Koku, hata yai lisingepasuka. Ukaogopa, ukairudisha vile vile ilivyokuwa, na nilipoingia ukaja wewe mwenyewe bila kuulizwa na mtu. "Shikamoo baba. Mandola imeniponyoka ikaangukia kitandani. Naomba unisamehe."

Nilikuwa na nafasi ya kusema haina neno. Badala yake nikaigeuza, nikakuonyesha ule ufa, nikasema, "Angalia ulichokifanya." Ukautazama. Mama yako akaja akapiga yowe. Ukalia mpaka ukashikwa na kwikwi, na mimi nikasimama pale nikiona mzigo unanitoka mabegani. Nilisikia raha, mwanangu. Kidogo tu, lakini ilikuwa raha, na ndiyo inayonifanya nisitake kujitazama kwenye kioo ninapojinyoa.

Unafikiri uchafu uliishia hapo. Kwetu ukiharibu cha mzee unakwenda kupiga magoti na kuomba radhi kwa mdomo wako, na mama yako, kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema twende Bukoba na mtoto akaombe mwenyewe. Nikakubali. Lakini nilijua mzee atauliza nyuzi. Basi jioni ya kabla ya meli nikaketi uani, nikatoa zile nene zote nane, nikaweka za namba za padri, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wote niliofundishwa. Wewe ulikaa pembeni yangu ukinishikia pakiti. Ulidhani naitibu. Ulinipa uzi wa kumi na nne kwa mikono miwili ukasema, "Baba, itapona?" Nikakuambia itapona, ila ni mgonjwa, ishikwe taratibu. Zile nene nikazitupa chooni.

Babu alikupokea, ukapiga magoti, ukasema yote: kiti, kitambaa, kitanda. Alikuinua akakuketisha kwenye nyasi karibu naye. Halafu akaichukua mandola, akaipapasa kifua muda mrefu, akatazama shingo kwa jicho moja.

"Kitu kilichoanguka huvunjika upande," akasema. "Hiki kimezama. Nani aliweka nyuzi?"

"Mimi, baba."

"Namba ngapi?"

"Kumi na nne, baba. Kama ulivyonifundisha."

Akabonyeza uzi kwa kidole. Ulirudi vizuri kabisa, ulikuwa kumi na nne kweli. Akanitazama. Mzee alikuwa na macho yanayotoa machozi kwa uzee tu, kwa hiyo sikuweza kujua kama alikuwa analia. Akasema, "Waitu," kama mtu anayesema jamani, basi, akainuka kwenda kuangalia ndizi zake.

Siku ya tatu akatuita sisi sote. Akasema mandola hainirudii mimi, ni yako kuanzia siku ile, fundi aitengeneze na wewe ujifunze. Mama yako akashangaa, na mimi nikatoa maelezo haraka haraka kwamba mzee ana huruma, anamheshimu aliyetubu. Nimeyarudia maelezo hayo kwa watu wote tunaowajua. Lakini babu hakusema neno kutubu. Alisema, "Nampa huyu, kwa sababu huyu akiulizwa anasema lililotokea." Alikuwa ananitazama mimi. Alijua, Koku. Akaninyamazia mpaka akafa, na pale kaburini ukapiga magoti ukamuomba radhi tena, mtoto wa miaka kumi na mitatu, na mimi nikiwa nimesimama nyuma yako na koleo la udongo. Niliona heri niingie mle shimoni kuliko kusema kweli.

Sospeter alijua toka mwanzo. Alikuja hapa mara moja, wewe ukiwa shule, akaniambia, "Siku utakapomwambia mtoto ndipo nitakaa na wewe meza moja." Unashangaa kwa nini akituona Mabatini anakusalimu wewe kwa shangwe na mimi ananiinulia kidole tu. Umewahi kuniuliza kama tumegombana. Nilikujibu kwamba watu wa solo wana maringo.

Sasa nikueleze kuhusu nyuzi, maana uliuliza swali la maana na mimi ndiye ninayepaswa kulijibu. Tangu siku uliyoanza kujifunza umekuwa ukiweka nyembamba kupita zote, kumi na moja juu, wakati mwingine kumi, halafu unazishusha juu ya hapo. Zinakoroma. Unadhani ni chombo kinachoumwa, na mimi miaka yote nimekuambia ndiyo, ni mgonjwa, taratibu. Ni uongo. Fundi wa hapa Mkolani alipoifungua aliweka ndani vipande viwili vya mninga vilivyopishana chini ya kifua, akaigundisha shingo upya. Mandola ile leo ina nguvu kuliko ilivyotoka kwa padri. Mkono wako mwepesi ambao watu wanausifu ni mzuri, sikatai, lakini sijui ungekuwa mkono wa namna gani kama nisingekudanganya. Hilo siwezi kukurudishia.

Ukishusha jozi ya juu hatua moja, weka kumi na sita. Ya pili ukiishusha vilevile, toa ishirini na mbili weka ishirini na tano, na kama hukupata hiyo, ishirini na nne itakufaa. Mbili za chini ziache kwenye namba za padri. Wakipanda, wewe badilisha nyuzi hata kama bendi nzima inakusubiri huku wanapiga miluzi. Waambie wasubiri. Na ukishaweka, piga. Piga kwa nguvu, Koku, mpaka kifua kitetemeke kwenye mbavu zako. Haitapasuka. Haikuwahi kupasuka mikononi mwako.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya boksi la mandola, chini ya kitambaa, ili uikute ukiwa umeshafika Tabora na mimi niko huku salama. Nimeuacha mpango huo, kwa sababu ni ujanja ule ule wa kubadilisha nyuzi kabla ya safari. Nitakupa mkononi ukirudi, na nitakaa hapo mbele yako mpaka umalize. Uliza unachotaka kuuliza. Nitajibu, namba zote.

Mama yako nimemwambia mchana, kabla sijashika kalamu. Nikipita jikoni anageukia ukuta, na maandazi anayageuza kwa nguvu mafuta yanaruka. Yeye ndiye aliyekufundisha kusema kweli, na mimi nilimfanya akuadhibu kwa kuisema. Yeye na mimi tutakuwa na mazungumzo yetu, hayo usiyabebe.

Jambo la mwisho. Kesho tutakuwa wote stesheni, treni itapiga honi, watu wataanza kukumbatiana ovyo na kusameheana mambo ambayo hawajayafikiria, mradi mtu asiondoke na kinyongo. Usinifanyie hivyo. Mama yako akikusukuma unipe mkono, usinipe kama mkono wako hautaki. Panda na hasira yako, kaa nayo Shinyanga, Tabora, Dodoma, kaa nayo Dar hata miaka saba kama niliyokaa mimi na uongo wangu. Ukiona siku moja imekwisha yenyewe, niandikie. Na isipokwisha, niandikie vilevile, uniambie haijaisha. Mimi nitaisoma.

Baba yako